Anasoma ukurasa mzima, lakini neno jipya linamshinda

Swali: Mwanangu wa kiume ana miaka 9 na yuko darasa la tatu hapa Mwanza. Alichelewa kusema, hata alipotimiza miaka mitatu watu wa nje walikuwa hawamwelewi. Sasa anazungumza, ila bado husema "tebo" badala ya tembo na "kaba" badala ya kamba. Kitabu chake cha shule anakisoma bila kukwama, lakini nikimwandikia neno ambalo halimo kitabuni hawezi kulisoma. Mwalimu anasema ni mvivu na arudie darasa. Shangazi yake anataka akakatwe kimeo. Baba yake anataka ahamie shule ya mchepuo wa Kiingereza na tuache kumsemesha Kisukuma nyumbani. Tufanye nini?

Jibu: Mama, katika maelezo yako kuna jambo moja lililo zito kuliko mengine yote, nalo ni kwamba mtoto anayesoma kitabu chake bila kukwama anashindwa na neno lililoandikwa nje ya kitabu hicho. Mtoto huyo hasomi, anakumbuka. Amewasikia wenzake wakisoma kwa sauti, amezishika sentensi kwa mpangilio wake, na picha iliyo juu ya ukurasa humkumbusha aanzie wapi. Kazi hiyo si ndogo hata kidogo, na mtoto anayeifanya kila siku ili asiaibike mbele ya darasa hastahili kuitwa mvivu. Kinachomshinda, kwa jinsi ninavyokusoma, ni kuunganisha sauti za maneno na herufi zinazoziwakilisha, na nadhani tatizo hilo lilianzia kwenye usemi, miaka kadhaa kabla hajashika penseli.

Kwa hiyo kimeo kisikatwe, Kisukuma kisikomeshwe, na uamuzi wa kuhama shule au kurudia darasa usubiri mpaka ijulikane ni nini hasa kinachomkwamisha. Masikio yapimwe mwezi huu. Kazi ya sauti na herufi ianze nyumbani wiki hii hii, kwa sababu haina madhara na haihitaji fedha.

Nianze na masikio. Katika hospitali ya Bugando, hapo Mwanza, kuna idara ya masikio, pua na koo, na ombi lako liwe mahususi: mtoto apimwe usikivu wa kila sikio peke yake, asiangaliwe kwa tochi tu na kurudishwa nyumbani. Mtoto aliyewahi kutoka usaha masikioni mara kwa mara, au mwenye majimaji yaliyotuama nyuma ya kiwambo cha sikio bila maumivu yoyote, huitika akiitwa na hucheza na wenzake kama kawaida, lakini sehemu za maneno zilizo fupi na nyepesi humfikia zikiwa zimefifia, siku nyingine zaidi na siku nyingine kidogo. Kama hali ya namna hiyo ilikuwepo katika miaka yake ya kwanza ya kujifunza kusema, ni lazima tuijue. Macho nayo yapimwe, ingawa mtoto anayenakili ubaoni bila kosa mara chache huwa na tatizo la kusoma linalotokana na macho.

Kuhusu kimeo, naomba umweleze shangazi kwa upole lakini bila kuyumba. Kukikata hakumfundishi mtoto sauti hata moja, na wembe unaotumika katika shughuli hiyo umewaletea watoto wengi kutokwa damu nyingi na maambukizi ya hatari. Wako pia watakaokushauri akatwe kigozi kilicho chini ya ulimi. Kigozi hicho kikiwa kifupi mno kinaweza kuzuia sauti chache zinazohitaji ncha ya ulimi kuinuka, lakini hakimcheleweshi mtoto kuanza kusema. Tena tazama makosa ya mwanao yenyewe: m ya tembo na ya kamba hutamkwa kwa midomo, ulimi haumo. Naye nina hakika anasema "mama" vizuri kabisa, maana yake viungo vya kuitamka m anavyo vyote. Kinachomshinda ni kuiweka m hiyo mahali pake ndani ya mfululizo wa sauti, na hilo ni jambo la jinsi ubongo unavyozipanga sauti za lugha.

Hapo ndipo usemi na kusoma vinapokutana. Anayejifunza kusoma analazimika kufanya jambo ambalo msemaji wa kawaida hahitaji kulifanya: kulisimamisha neno, kulichambua vipande vipande, na kujua kwamba katika tembo mna t, e, m, b, na o. Mtoto ambaye tembo imehifadhiwa kichwani mwake kama "tebo" atakapotakiwa kuiandika ataandika tebo, na atakapoiona imeandikwa sawasawa herufi m itamchanganya, kwa kuwa haina mwenzake katika neno analolijua. Waangalie watoto wa darasa la kwanza wanapoanza kuandika. Wengi huandika "toto" kwa mtoto na "tebo" kwa tembo kwa muda, kisha makosa hayo hufutika. Katie Alcock na Damaris Ngorosho walichapisha mwaka 2003 utafiti wao kuhusu makosa ya tahajia ya watoto wanaojifunza kuandika Kiswahili, wakaonyesha kwamba hata lugha yenye maandishi nyoofu kama yetu ina ugumu wake kwa anayejifunza kuiandika, na kwamba makosa hayo yana mpangilio. Makosa yenye mpangilio yanaweza kufundishika, na ndiyo sababu ninakuandikia kwa matumaini.

Kabla ya kufundisha, pima. Tumia jioni tatu, dakika kumi kila jioni, bila kumwambia kwamba ni mtihani.

Jioni ya kwanza iwe ya mdomo tu, kitabu kiwe mbali. Mwambie apige kofi kwa kila silabi ya samaki, kisha mtoto, kisha tembo. Samaki ina makofi matatu. Mtoto nayo ina matatu, kwa sababu m yake ni silabi kamili. Tembo ina mawili. Halafu mtamkie sauti zilizotenganishwa, mmm, e, zzz, a, umuulize ni neno gani. Halafu geuza: mwulize paka inaanza na sauti gani, na ukiiondoa sauti hiyo ya kwanza kinabaki nini. Wengi wa watoto ninaowaona huweza makofi lakini hushindwa kutenganisha sauti mojamoja, na tofauti hiyo hunionyesha pa kuanzia.

Jioni ya pili chukua karatasi ngumu, uikate vipande, uandike herufi moja kwenye kila kipande, kisha uvichanganye. Usimpe a, e, i, o, u kwa mfuatano, wala ba, be, bi, bo, bu, kwa sababu mfuatano huo ameshauimba mara elfu na wimbo utamjibia. Zikishachanganywa utaona ni herufi ngapi anazijua kwa hakika. Baadaye andika maneno yasiyo na maana yoyote, kama mepu, tilo, sabime, ndofa, umwambie ni majina ya wanyama wa hadithi. Maneno hayo hajawahi kuyasikia, kwa hiyo hawezi kuyakumbuka; atayasoma au hatayasoma.

Jioni ya tatu msomee wewe hadithi fupi asiyoijua, kisha mwulize ni nani alifanya nini, na kwa nini. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kwamba kusoma ni zao la mambo mawili yanayozidishwa: uwezo wa kuyageuza maandishi kuwa maneno, na uwezo wa kuielewa lugha yenyewe inaposemwa. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri hata kama kingine ni kikubwa. Ikiwa mwanao ataielewa hadithi vizuri na kuisimulia, basi shida yake iko katika sauti na herufi, na picha hiyo inafanana na ile inayoitwa disleksia. Ikiwa hata hadithi ya kusikilizwa inampotea, akichanganya aliyepiga na aliyepigwa, au sentensi zake mwenyewe zikiwa fupi mno kwa umri wake, basi lugha yenyewe inahitaji msaada pamoja na herufi. Ugumu wa namna hii wa ukuaji wa lugha si nadra: utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2016 uliukadiria kuwa kwa watoto 7 au 8 katika kila 100, bila sababu inayojulikana kama uziwi au ugonjwa. Mtoto aliyechelewa kusema kama wako yumo katika kundi la kuangaliwa kwa makini kwa upande huo pia, na wapo watoto wenye shida zote mbili.

Kuhusu uvivu, nikusimulie kisa cha zamani. Mwaka 1896 daktari wa Kiingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 aitwaye Percy, ambaye pamoja na kufundishwa kwa miaka mingi aliandika hata jina lake kimakosa, akiweka herufi za katikati kinyume. Mwalimu wake alisema kwamba kijana huyo angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Zaidi ya karne moja imepita tangu jambo hilo liandikwe, na bado watoto wanachapwa kwa ajili yake. Kama mwanao anachapwa shuleni kwa kushindwa kusoma, hilo ndilo la kwanza la kwenda kuzungumza na mwalimu, kwa heshima, kabla ya jambo lingine lolote.

Sasa kazi yenyewe. Dakika 15 hadi 20 kwa siku, siku tano kwa wiki, wakati ambao hajachoka wala hana njaa. Ni afadhali dakika 15 za kila siku kuliko saa mbili za Jumamosi.

Anza na sauti inayomponyoka. Kiswahili kimetupa jozi za maneno zinazotofautiana kwa sauti moja ya namna hiyo, m au n: vuja na vunja, kaba na kamba, taga na tanga. Chora, au mwombe kaka yake achore, mtungi unaovuja na mtu anayevunja mtungi. Kuku anayetaga na tanga la mashua. Weka picha mbili mezani. Kwanza wewe useme, yeye aonyeshe, mpaka asikosee. Mtoto asiyesikia tofauti hawezi kuitamka. Kisha mbadilishane: yeye aseme, wewe uonyeshe. Akisema "vuja" huku anataka vunja, wewe onyesha mtungi unaovuja, bila kumsahihisha na bila kucheka. Ataona mwenyewe kwamba sauti aliyoiacha imebadilisha maana, na hapo ndipo ataitafuta. Kumwambia "sema tena vizuri" mara ishirini hakumpi sababu hiyo.

Kisha chukua vifuniko vya soda. Chora visanduku vinne kwenye karatasi, kimoja kwa kila sauti, na kila anapotamka sauti asukume kifuniko kimoja ndani ya kisanduku: m, e, z, a. Mbinu hii ilibuniwa na mwanasaikolojia wa Urusi, Daniil Elkonin, na inafanya kazi kwa sababu inaigeuza sauti, ambayo hupotea mara tu inapotamkwa, kuwa kitu kinachoonekana na kushikika. Baada ya siku chache badilisha vifuniko kwa vile vipande vya herufi. Fundisha herufi kwa sauti yake, si kwa jina lake: m ni mmm, si "ma" wala "em". Mtaala wa KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu) ulioanza mwaka 2015 kwa darasa la kwanza na la pili ulisisitiza sauti za herufi, kwa hiyo hutakuwa unapingana na shule. Chukua herufi chache kwanza, kwa mfano a, m, t, k, i, asome na kuandika maneno yanayotokana na hizo tu, kama mama, taka, kata, mti, mkia, kisha ongeza moja au mbili kila zile za mwanzo zinapokuwa imara. Kila anachokisoma akiandike pia, kwa kutamkiwa na si kwa kunakili. Mchanganyiko wa herufi kama mb, nd, ng, ng', ny, sh na ch uje baadaye, mmoja mmoja, na ng ya ngoma isifundishwe siku moja na ng' ya ng'ombe.

Kuna mchezo ambao wazee wa pwani waliucheza tangu zamani, nao unafaa kuliko vifaa vingi vya kununuliwa. Unaitwa kinyume: silabi ya mwisho ya neno hutangulizwa mwanzoni, hivyo kitabu inakuwa bukita, samaki inakuwa kisama, na nyumba inakuwa mbanyu. Mmisionari Mwingereza Edward Steere aliuandika katika karne ya 19 katika kitabu chake cha kufundisha Kiswahili cha Unguja. Watoto waliutumia kama lugha ya siri. Mimi ninautumia kwa sababu anayeweza kuigeuza nyumba kuwa mbanyu ameligawa neno kichwani, ameishika mb kama kitu kimoja, na amekipanga upya alichokigawa. Anza na maneno ya silabi mbili na mcheze mkiwa njiani kwenda sokoni. Mtoto ambaye shuleni ni wa mwisho hufurahi mno kuwa na lugha ambayo dada zake hawaielewi.

Jambo moja naomba ulijue mapema lisije likakuvunja moyo. Katika lugha ambazo karibu kila herufi ina sauti moja, kama Kiswahili, Kifini au Kiitalia, mtoto mwenye disleksia akifundishwa vizuri huacha kukosea mapema, lakini hubaki akisoma polepole kwa muda mrefu. Polepole hiyo haina maana kwamba mafunzo yameshindwa. Inasaidiwa kwa kurudia kifungu kifupi kilekile mara tatu, kwa siku tofauti, na kwa kuyafundisha maneno yetu marefu kwa viungo vyake. Neno "hawatamwandikia" ni ukuta kwa mtoto anayelikabili herufi moja moja. Lakini anayejua kwamba anasoma, alisoma, atasoma na hasomi ni nyumba moja yenye milango tofauti, atalichukua kwa vipande vinne au vitano vyenye maana. Kazi hii ya viambishi hupuuzwa sana na watu wa herufi, nami naiona kuwa ndiyo sehemu inayomvusha mtoto kutoka kusoma maneno hadi kusoma habari.

Nikirudi kwa baba yake: nia yake ni njema na namheshimu kwa hilo. Hata hivyo Kiingereza ni lugha ngumu zaidi kuisoma. Utafiti wa Philip Seymour na wenzake, uliochapishwa mwaka 2003 na kulinganisha lugha mbalimbali za Ulaya, ulionyesha kwamba watoto wa Kiingereza huchukua muda mrefu zaidi kupata misingi ya kusoma kuliko wenzao wa lugha zenye tahajia nyoofu. Kumtoa mtoto anayeyumba katika lugha ambayo a ni a daima, na kumpeleka katika lugha ambayo a ina sauti kadhaa, tena lugha ambayo haielewi, ni kumwongezea mizigo miwili kwa mpigo. Akiisha kusoma Kiswahili kwa uthabiti, ujuzi huo atauhamishia Kiingereza.

Kisukuma nacho hakijamdhuru. Lugha mbili hazisababishi disleksia wala kuchelewa kusema, na hadithi za bibi ndizo zinazomjengea maneno, mpangilio wa visa na usikivu ambao kitabu kitautegemea. Ikiwa anasema "kalamu" na "karamu" kwa namna moja kwa sababu wakubwa wa nyumbani wanasema hivyo, huo ni mwathiriko wa lugha ya kwanza, kama watu wengi wa Kikuyu kule Kenya wanavyoweka r mahali pa l, au kama wengi wetu wa bara tunavyosema "zahabu" kwa dhahabu. Mfundishe tahajia ya maneno hayo, lakini usiyahesabu kuwa tatizo la usemi. Ile m ya tembo ni jambo tofauti, kwa sababu hakuna mtu mzima nyumbani kwenu anayeiacha.

Kurudia darasa kunasaidia iwapo mwaka wa pili utakuwa na mafundisho tofauti. Ukiwa ni ukurasa uleule na wimbo uleule, atakariri kitabu hicho kwa ufasaha zaidi, basi. Mwombe mwalimu mambo madogo anayoyaweza hata akiwa na darasa kubwa: mtoto aketi mbele, asiitwe kusoma kwa sauti bila kuandaliwa, apewe kifungu chake siku moja kabla, na maarifa yake ya masomo mengine yaulizwe kwa mdomo. Mwonyeshe yale maneno yasiyo na maana na jinsi mtoto alivyokwama. Mwalimu akiona mwenyewe huelewa haraka kuliko akielezwa. Kisha mwende kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri, mkaulize kama kuna mwalimu aliyepata mafunzo ya elimu maalumu, mathalani katika chuo cha Patandi kule Arusha, anayeweza kumtathmini. Wataalamu wa tiba ya usemi na lugha bado ni wachache mno katika nchi zetu. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kuwafundisha mwaka 2008. Idara ya masikio mtakayoiona ndiyo yenye nafasi nzuri ya kuwaelekeza kwa aliye karibu, na mkipata miadi ya mbali, endeleeni na kazi ya nyumbani wakati mnasubiri.

Fungua daftari. Kila siku andika tarehe, herufi mlizozifanya, na makosa yake kama alivyoyaandika yeye, bila kuyasahihisha. Mara moja kwa wiki mpe maneno kumi mapya yasiyo na maana na uandike amesoma mangapi. Baada ya wiki nane au kumi za kazi isiyokatika utaona kama idadi hiyo inapanda. Daftari hilo, pamoja na kadi yake ya kliniki ya utotoni na daftari moja la shule la mwaka jana, ndivyo vitu vya kubeba siku mtakapomwona mtaalamu wa kwanza, kwa kuwa ndani ya nusu saa ya miadi hataweza kuyaona yale ambayo wewe umeyaona kwa miezi miwili.